Meno ya Ufunguo Kwenye Ngozi

Bajaji ilipoupita ukuta wa gereza, Ibtisam aliuliza kwa mara ya pili kama hapa ndipo Ukonga.

"Ndipo penyewe, sista," dereva akacheka. "Mbona unashika mkoba hivyo? Hatung'ati."

Hakuwahi kufika upande huu wa mji. Aliulegeza mkoba kidogo, kisha akaubana tena.

Kibanda cha Hamisa kilinuka gundi na ngozi. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo, vidole vimekakamaa. Alianza kushona makubazi baba yake alipopofuka, na kwa mikono hiyo akamlea mdogo wake Jabiri, hadi naye akapata meza yake ya kuchonga funguo, mlango wa pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Mbweni. Nataka kifuko kidogo tu, funguo zisilie nikitembea."

Hamisa alilowesha kipande cha ngozi, akazilaza funguo juu yake, akakikunja na kukibana kwa vibao viwili. Ngozi iliyolowa ikibanwa hivyo hushika umbo la kilichomo. Alipokifungua, hakuridhika. Kilikuwa kidogo mno. Akakiweka kwenye benchi, akakata kingine.

Jabiri aliingia na kahawa.

"Dada, leo una mgeni wa kishua."

"Weka kahawa, uende zako."

"Namsifu tu. Mbweni kuzuri, ila kumepoa sana. Unakaaga na nani huko, sista?"

"Na mama yangu tu, ile nyumba ya geti la bluu mkabala na msikiti," Ibtisam alisema. Kahawa ilikuwa tamu, na kijana alikuwa mcheshi. "Tulikuwa na mbwa, naye amekufa."

"Poleni." Jabiri alikaa kidogo kwenye benchi, kisha akatoka. Punde mashine yake ikaanza kukereza.

Hamisa alitoboa, akashona kwa uzi wa nta, akapigilia kifungo. Kilibaki kishikio. Alinyoosha mkono achukue kile kipande cha kwanza akikate. Hakikuwepo. Aliinama chini ya benchi, akainua mkeka, akakung'uta kanga aliyokalia. 

"Kuna nini, mama?"

Hamisa alikiinamisha kifuko kipya kwenye mwanga. Ufunguo wa geti ulikuwa umejichora kwenye ngozi, jino kwa jino. Ibtisam alitazama, halafu akatazama benchi pale Jabiri alipokuwa amekaa.

Mlango wa pili, mashine ilinyamaza. Pikipiki ikawashwa.

"Mara ile nyingine mteja alipoibiwa, nilisema Jabiri kasingiziwa, hajaiba," Hamisa alisema, kama anayejisemea. "Watu wakaniamini kwa sababu ya kazi yangu." Alimpa Ibtisam kifuko, akatupa mtandio kichwani. "Mpigie mama yako afunge kwa ndani. Mie namfuata."

"Nije nawe?"

"Kaa hapa. Ukimwona anarudi, jifungie ndani."

Akatoka, akaita bodaboda. Ibtisam alibaki na harufu ya ngozi, simu sikioni.

"Mama, funga komeo la mlango mkubwa. Sasa hivi."

"Komeo gani, mwanangu? Si liling'oka masika, ukasema utaleta fundi?"

Kupitia mlango wazi alimwona Hamisa akipotea kwenye kona ya ukuta wa gereza. Kifuko kilikuwa mkononi mwa Ibtisam, na funguo zote zimo. Alikitikisa, lakini funguo hazikulia.