Wali wa Mama na Kisosi cha Saumu

Hapa Nambis, kijijini kwetu Mbulu, kila mtu ni daktari wa tumbo, isipokuwa mwenye tumbo lenyewe. Langu lilipoanza kujaa gesi na kusokota, leo naharisha, kesho sipati choo kabisa, ushauri ulimiminika bila kuombwa. Jirani akasema ni minyoo. Mama mmoja wa kwaya akanitazama kiunoni, akatabasamu, akanipa hongera. Nilimshukuru, nikamwambia huyo mtoto amekaa humo tangu mwaka juzi na naona hana haraka.

Mama yangu hakusema ni nini. Alitwanga kitunguu saumu.

Mama analima kitunguu saumu. Ndicho kilichonisomesha, ndicho kilichoezeka nyumba bati, na kwa maoni yake kinatibu mafua, presha, minyoo na roho mbaya za majirani. Hospitali zimewekwa kwa ajili ya yale machache yanayobaki.

Mimi nafundisha Basotu, wilayani Hanang, na mwisho wa mwezi napanda basi kuja kumsalimia. Tumbo liliponizidi hadi nikawa natoka darasani mbio huku wanafunzi wakichekea chini ya madawati, nilikwenda hospitali. Nikapimwa kila kinachopimika. Daktari, mwanamke mpole wa rika langu, akasema hakuna kidonda wala uvimbe. Utumbo wangu unachokozeka haraka, basi. Niache kwa wiki kadhaa vyakula vinavyouchokoza, halafu nirudishe kimoja kimoja, nione mchokozi ni nani. Akavitaja: maharage, maziwa freshi, ngano, vitunguu maji na, mkubwa wao, kitunguu saumu.

Nilicheka hadi akaniuliza kama niko sawa. Jamani, si angeniambia tu nihame mkoa! Hanang ni ngano na ng'ombe, Mbulu ni maharage na saumu. Nilikuwa nimebakiziwa upepo, nao Mbulu una baridi.

Lakini nilitii. Basotu samaki wapo, nikawa nakula ugali au wali, samaki, karoti na mchicha. Mboga naungia nyanya na mafuta, bila kitunguu, na jikoni kwangu kulinuka kama wodi. Ila tumbo likatulia. Nilifundisha kipindi kizima nimesimama, na nilikaribia kuwapigia makofi wanafunzi wangu kwa furaha.

Basi nikaenda Nambis kutoa habari njema.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Mbona umekonda?"

Hata kiti sijakikalia. Nikamweleza yote, akasikiliza vizuri mpaka nilipofika kwenye saumu.

"Huyo daktari wako," akasema, "kwao walikuwa wanakula nini?"

Akanipikia wali mweupe, akaapa haujatiwa kitu. Jioni tumbo likaumuka kama unga wa maandazi. Mwezi uliofuata ikawa vilevile. Basotu mzima, Nambis mgonjwa. Nikalaumu maji, nikalaumu basi, nikalaumu baridi ya mlimani. Na ninafundisha sayansi, eti!

Safari iliyofuata niliingia jikoni ghafla kutafuta chumvi. Nikamkuta Mama ameinamia kinu kidogo, ametwanga saumu hadi imekuwa uji, anaikamulia kwa kitambaa kwenye maji ya wali ili nisione hata chembe.

"Mama!"

Wala hakushtuka. "Hii ni dawa. Dawa haijamdhuru mtu."

"Hiyo ndiyo inayoniumiza!"

"Inapigana na ugonjwa. Ndiyo maana unasikia vurugu."

Nikawaka. Nikamuuliza udaktari alisomea wapi, shambani au gulioni. Nikamwambia hili ni tumbo tu, aliache.

Mama akaweka mchi chini.

"Baba yako naye walimwambia ni tumbo tu."

Baba alilalamika tumbo msimu mzima, akinywa magadi na kusema litapita. Alipofikishwa hospitali kubwa, walimrudisha nyumbani, na tukamzika kabla ya mavuno. Mimi nilikuwa bweni. Mama ndiye aliyekuwa akimlisha uji kijiko kwa kijiko, na uji ukirudi.

"Na wewe unakuja hapa unacheka," akasema. "Unaniambia tumbo tu." Nilitamani kulia. Kumbe miezi yote ile mwenzangu alikuwa ananiona nakufa.

Nikampeleka kwa daktari. Alivaa kitenge cha kanisani. Daktari akamwonyesha picha ya utumbo, akaeleza kwa kirefu, na Mama akaitazama ile picha bila kupendezwa nayo. Alikuwa na swali moja tu.

"Ugonjwa huu unaua?"

"Hauui, mama. Unasumbua, unaudhi, lakini hauui. Tumempima vizuri, kile kilichomchukua mzee hana."

Mama akafunika uso kwa kitenge, akalia kwa sauti, mlango uko wazi na watu wamejaa kwenye benchi. Alipomaliza akajifuta, akakaa sawa, akauliza kwa ukali: je, saumu yake sasa akaimwage?

Daktari akacheka. Akamwambia akaange punje nzima nzima kwenye mafuta, kisha azitoe zote kabla hajatia kitu kingine. Harufu na ladha hubaki kwenye mafuta, uchokozi unaondoka na punje.

"Huyu amesoma," Mama akaniambia tukitoka, kama vile ni yeye aliyenipeleka kwake.

Siku hizi nikifika, nakuta wali mezani unanukia saumu, na kando ya sahani yangu kisosi chenye punje zilizokaangwa, zote, ili nione zimetoka. Sili mpaka nizitazame. Kisha Mama anazila yeye, taratibu, macho kwangu kila ninapomeza.

"Tumbo?"

"Limetulia, Mama."

"Sema tena."

Nami nasema tena.