Laptop ya Kumrudisha Mzee Sefu

Bibi Mwanahawa alinirudishia picha palepale mlangoni, hata ndani hakunikaribisha. "Ahsante mwanangu, lakini huyu umeniletea mgeni."

Marehemu mumewe, Mzee Sefu, alikuwa mweusi wa kung'aa. Kwenye picha niliyomkuzia alikuwa amepauka kama aliyepakwa majivu. Kioo cha laptop yangu kuukuu kilikuwa kimefifia, kikawa kinanidanganya rangi. Niliona aibu. Arobaini ilikuwa Ijumaa, na bibi alikuwa na picha yake moja tu, ndogo. Nikaamua kwenda Dar kutafuta laptop nyingine.

Alfajiri nilipanda basi Kilwa, akiba yangu kiunoni, picha ile ndogo ndani ya bahasha, nakala yake kwenye flashi. Jirani yangu kwenye kiti alinipa ushauri njia nzima: nisihadaike na umbo, nitazame RAM, maana ikiwa ndogo programu za picha hugoma. Alikuwa anajua, ila kuhusu kioo hakugusia.

Mchana, Kariakoo. Duka la kwanza nilionyeshwa laptop mpya, nyembamba, kioo kimejaa maua mekundu.

"Kaka, hii ndiyo chuma," muuzaji alisema. "Madizaina wote wa Bongo wanatumia hii."

Nikachomeka flashi. Mzee Sefu akatokea wa bluu. Nikiinamisha kioo kidogo, anakuwa mweupe.

"Hiyo picha yako ndiyo mbovu, kaka."

Maua hupendeza kwenye kioo chochote. Nilitoka nimenywea. Duka la pili lilikuwa yaleyale.

Jirani na hapo palikuwa na duka la vitenge. Mama mmoja alikivuta kitambaa hadi mlangoni, akakigeuzageuza kwenye mwanga, maana taa za dukani hudanganya. Hapo akili ikanijia.

Duka la tatu lilikuwa la Mama Aika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Unataka ya ofisini au ya picha?"

"Ya picha. Naomba niitoe hadi mlangoni, niione kwenye mwanga."

Akacheka. "Kwani hiyo kitenge? Haya, toa."

Aliyonipa ilikuwa ya mtumba, nene, kona imechubuka, betri imechoka kidogo, lakini RAM ya kutosha. Nilichomeka flashi, nikasimama mlangoni kivulini, nikaishika picha ya bahasha kando ya kioo. Wakawa Mzee Sefu wawili, weusi uleule. Mama Aika akaacha kucheka.

"Ni baba yako?"

"Jirani. Arobaini yake Ijumaa hii."

Akapunguza bei kabla sijaomba. "Mpe pole mjane."

Kesho yake nilirudi Kilwa, laptop nimeipakata kama mtoto mchanga.

Niliirekebisha picha, nikaichapisha upya, na Alhamisi nikapiga hodi. Bibi Mwanahawa aliichukua picha mpya, akaipeleka dirishani penye mwanga.

"Huyu ndiye," alisema, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Tangu hapo anayeniuliza laptop ya kununua namwambia aende na sura anayoijua, ayaache maua ya muuzaji. Siku ile nilibaki kizingitini hadi bibi aliposema bila kugeuka, "Mbona umesimama nje, kwani wewe mgeni? Ingia."