Nilipiga mpira ambao haukurushwa: kriketi Chake Chake kabla ya Mapinduzi

Wakuu, asalaam aleikum.

Nimeshapita themanini na nachapa kwa kidole kimoja, nivumilieni. Hili sikusimuliwa, lilinikuta mwenyewe.

Miaka michache kabla ya Mapinduzi nilikuwa karani kijana bandarini Wesha. Jioni tukicheza kriketi Chake Chake. Najua vijana wa Pemba wa leo watabisha, lakini tulicheza.

Kwa asiyeujua mchezo: mmoja anarusha mpira mgumu wa ngozi, mwingine anaupiga kwa gongo la mbao ili usiangushe vijiti vilivyo nyuma yake.

Mimi nilikuwa mpigaji, tena nikisifiwa kwa staili. Mguu wa kushoto mbele, kiwiko juu, kiuno kinageuka kwanza, mikono inafuata.

Basi tukacheza na Wete. Walikuwa na mrushaji mmoja mtu wa Gando, Kombo, ana kasi ya kutisha. Mpira wake ukadunda, ukanipata mdomoni. Meno mawili yakaenda.

Nilipopona nikarudi uwanjani, mama amenuna.

Wakuu, sikuugusa mpira tena. Kila nikipiga, napiga upepo. Nikabadilisha mshiko, nikasogeza miguu, nikawa nafanya mazoezi peke yangu. Wapi. Nahodha akanambia kwa upole kuwa marudiano na Wete nitakaa nje.

Mwenzetu mmoja kwenye timu, Hamad, fundi cherehani, akanivuta pembeni.

"Faki, mikono yako mizima. Weye wafumba macho."

Nikakasirika. Nikamwambia naona kila kitu.

"Haya, simama nikurushie."

Akaja mbio, mkono ukazunguka. Nikapiga. Lilikuwa pigo safi kabisa, kiuno, bega, kila kitu mahali pake.

 

Hamad akafungua kiganja. Mpira alikuwa nao bado.

Nilikaa chini palepale kwenye majani. Kwa sababu, wallahi, ule mpira mie niliuona ukija. Hata rangi yake niliiona, kumbe macho nimeyafumba.

Hamad akanambia, "Usiwaze kupiga. Ukiona mpira wagusa ardhi, sema 'chini'. Basi."

Ukifumba macho huwezi kulisema neno hilo kwa wakati wake. Mwanzo nikiwahi, mara nachelewa. Taratibu neno na mpira vikakutana, na mikono ikafuata yenyewe.

Marudiano yalipofika, Hamad akamwomba nahodha anijaribu. Kombo akarusha. Nikasema "chini", mpira ukapanda, ukanigonga bega.

Kombo akaja kunipa pole, akanikuta nacheka.

"Hukuumia?"

"Nimeumia sana. Lakini nimeuona mpaka umenigusa."

Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyerukwa na akili.

Uliofuata niliupiga ukavuka barabara. Mechi tulifungwa, lakini Hamad alinibeba mgongoni.

Nilichojifunza: ufundi wangu haukupotea hata siku moja. Ilikuwa hofu, na hofu haikujitambulisha. Ilijifanya kosa la mguu, nami nikahangaika na mguu.

Kuna mwenzangu humu aliyewahi kuona kitu ambacho hakikuwepo, akili zake timamu, mchana kweupe? Iwe uwanjani, iwe kwenye usukani. Andikeni hapa chini, nitasoma yote, hata kama taratibu.