Kisanduku Kisichoshika Jina

Kwa miaka thelathini na mmoja Lusubilo Nzowa aliandika kwa mkono majina ya wakulima wa kikundi cha kahawa pale Itaka: jina la mtu, la baba yake, na la ukoo. Mkulima aliketi kwanza, akasalimiwa, akaulizwa habari za nyumbani, ndipo kalamu ikashikwa. Siku hizi kila mkulima ni namba ya kadi, na hakuna anayeuliza wewe ni wa nani.

Kikundi kiliponunua kompyuta, mzee aliomba aitengenezee programu mwenyewe, majina yarudi. Hakufundishwa na mtu. Alijisomea kitabu kilichong'oka jalada. Tumpe, mwenyekiti wa kikundi, akampa mpaka Jumatatu saa nne asubuhi. Akishindwa, namba zinabaki.

Saa tatu na nusu ya Jumatatu hiyo, aliandika jina lake ndani ya kisanduku kwenye skrini, akabofya kitufe. Mashine ikajibu, "Karibu," kisha patupu.

Alikuwa amekiunganisha kisanduku na kigeu, yaani chombo ambamo kompyuta huweka kile inachoambiwa. Kitabu kilisema hivyohivyo. Jina limekwenda wapi? Akakiita kigeu chenyewe kwa jina jingine. Akazima, akawasha. Patupu.

"Mzee Nzowa, inakaribisha mzimu hiyo?" Tumpe alicheka mlangoni.

"Usinichanganye, mwanangu. Nimeunganisha."

"Hebu nisomee, nami nisikie."

Akamsomea, kidole kwenye skrini. "Hapa natengeneza kisanduku. Hapa nakiunganisha. Hapa nachukua jina. Hapa chini ndipo kilipo kitufe."

"Hapo unapochukua jina, mimi nimeshaandika?"

Mzee akarudisha kidole juu. Akarudia mistari ile mara mbili. Yeye, ambaye hakushika kalamu kabla mgeni hajaketi, alikuwa ameiamuru mashine ichukue jina kabla mtu hajasema neno. Mashine ilichukua patupu, ikashikilia hapohapo. Akauhamisha mstari, akauweka ndani ya kazi ya kitufe, jina lichukuliwe mtu akishabofya.

"Karibu, Lusubilo Nzowa."

Alilitazama jina lake kama la mtu mwingine.

Saa nne aliingia Ketrina, mkulima wa mtaa wa pili, na ndoo ya kahawa mbivu.

"Karibu uketi, mama. Za nyumbani?"

"Nzuri. Nibonyeze wapi?"

"Andika jina lako hapo."

Ketrina akabonyeza kwa kidole kimoja, taratibu.

"Karibu, 217."

"Jina, mama. Si namba."

"Si ndivyo mnavyoniita hapa, baba? Nipimie, bodaboda inanisubiri."

Mzee akamgeukia Tumpe. Tumpe alikuwa tayari ameipandisha ndoo kwenye mizani. "Mia mbili kumi na saba, kilo kumi na nane," akaita.

Kigeu kilikuwa kimeshika sawasawa kile kilichoambiwa. Mzee akaanza upya kusoma mistari yake, kuanzia juu, akitafuta kosa liko wapi.