Kinyozi Uani kwa Bi Zuwena

Haya, mmeniganda tangu tulipokaa, nitasema. Ila nna sharti moja: mwenye kucheka asicheke mpaka nimalize, kwa sababu mimi mkasa huu sijauona bado unachekesha wapi, miaka imepita na nikimsikia mtu anautaja huku kajishika mbavu damu inanipanda mpaka masikioni. Aibu nimezipata nyingi maishani (nilishawahi kuadhini nikasahau maneno katikati, msikiti mzima unanisubiri), lakini aibu ya siku ile, wallahi, ilisafiri kwa gari mpaka mikoani ikarudi.

Wakati huo nasoma chuo hapa Maskati, mwaka wa mwisho, na nilikuwa msimamizi wa nyumba. Nyumba yenyewe iko Bawshar, ya Bi Zuwena, khalti yake mama, ndugu yake bibi yangu, ambaye alipobaki peke yake akaigawa nyumba kubwa kwa vijana wa chuo waliotoka mikoani, yeye akahamia kijumba cha uani, dirisha lake linatazama uwanja wetu. Sote tuliokaa pale tulikuwa watoto wa nyumba za Kiswahili, bibi zetu wamezaliwa Unguja na Pemba, na tulikuwa na ada zetu kama chama: mgeni akihamia, siku ya kwanza lazima awapikie wote pilau, na ikiungua anaila peke yake huku wenzake wamemzunguka wanampigia makofi. Raha ilikuwepo, sikatai.

Ikaingia korona. Masomo yakahamia kwenye kompyuta, wengi wakarudi kwao, sisi wachache tukabaki kwa sababu huko kwetu mtandao unakuja na kuondoka kama paka wa jirani, na mara njia za kutoka mkoa kwenda mkoa zikafungwa, aliyebaki kabaki. Bi Zuwena akaniita dirishani kwake, mimi nimesimama nje juani, akanambia:

"Nasri mwanangu, mimi nna sukari, nna presha. Maradhi haya yakiniingia mimi sitoki. Nyumba nakwachia wewe. Mtu wa nje asitie mguu humu."

"Hatii, bibi."

"Niapie."

Nikaapa. Na nikashika kazi kweli kweli, viatu nje ya geti, barakoa mpaka jikoni, dawa ya mikono kila mlango, anayetoka dukani anavua na kuoga kabla hajatoa salamu, mpaka wenzangu wakanibandika jina la "Wizara" (Wizara kaamka, Wizara kakasirika, Wizara kapiga marufuku kahawa ya pamoja). Nikavumilia. Nilisema moyoni heri nichekwe kuliko nimzike bibi wa watu.

Sasa katika sisi alikuwemo kijana mmoja, Haitham, mtu wa Sinaw, mcheshi, mkarimu, kila mtu anampenda, na hilo ndilo balaa lake, maana mtu anayependwa na kila mtu hawezi kumwambia yeyote hapana. Nikabakiza siku moja tu nitetee mradi wangu wa kumalizia chuo mbele ya maprofesa, kwa kamera, na kichwa changu hakijaguswa na mkasi tangu maduka ya vinyozi yalipofungwa. Haitham akanitazama asubuhi mezani.

"Yakhe Nasri, utakwenda mbele ya maprofesa na hicho kiota cha kunguru?"

"Nitavaa kofia."

"Kofia ilijaribu jana, ikaanguka."

Wote wakacheka. Haitham akaja karibu, akashusha sauti, akanambia kuna kinyozi anamjua, wa mtaa wa Ghala, duka lake limefungwa, kakaa tu chumbani, atakuja peke yake na barakoa yake, ataninyolea uani baada ya alasiri wakati Bi Zuwena kalala, na ataondoka kabla bibi hajageuka ubavu.

"Mtu mmoja, kichwa kimoja," akasema.

"Kimoja tu?"

"Kimoja, wallahi."

Na mimi, Wizara mzima, nikakubali. Hilo tu. Neno moja, "haya", ndilo lililozaa yote mtakayoyasikia.

Kinyozi alikuja, na yeye sina la kumlaumu, kanawa, kavaa barakoa na glavu. Akataka kitambaa cha kunifunika, Haitham akakimbia ndani akaleta shuka nyeupe ya kitandani mwangu. Mashine ikaanza kuunguruma, upande wa kulia ukanyolewa vizuri, ukang'aa, anahamia kushoto, mashine ikakohoa ikazima. Betri. Kinyozi akaitia kwenye umeme, akanambia kwa Kiarabu chake cha kuungaunga kwamba wakati tunasubiri anitengeneze ndevu, akanilaza kwenye kile kiti kirefu cha ufukweni tulichokuwa nacho uani, akanifunika shuka mpaka shingoni, halafu akanitandika usoni taulo la maji ya moto. Jamani, raha ile! Tangu korona iingie sikuwahi kupata raha kama ile. Nikasinzia.

Katika usingizi nasikia geti linagongwa. Nasikia salaam alaykum, wa alaykum salaam, tena na tena, kwa sauti za chini chini. Namsikia Haitham ananong'ona, "Simameni mbalimbali, acheni nafasi." Nikadhani naota.

Kumbe mwenzangu, aliyeapa kichwa kimoja, alikuwa keshatuma sauti kwenye gurupu la rafiki zake kwamba kinyozi yupo kwetu Bawshar, mwenye nywele awahi. Na nani mwezi ule hakuwa na nywele? Wakaja kutoka Wattaya, wakaja kutoka Ghala, magari yamepangwa mpaka kwa jirani, na vijana wamejaa uwanjani na kanzu zao nyeupe, kimya, mikono mbele, kila mmoja kasimama peke yake. Haitham akatoa na viti.

Na Bi Zuwena akaamka.

Mtazameni huyo mzee. Anafungua pazia, anaona magari, anaona viti uani, anaona wanaume wamesimama kimya na kanzu nyeupe, na katikati yao mtu kalazwa, kafunikwa shuka nyeupe, uso umefunikwa. Katika siku zile ambazo kila simu ikilia ni msiba. Angefikiri nini? Wewe ungefikiri nini? Hakulia kwanza. Alishika simu kwanza, akampigia mama yangu kule kwetu Ibra, halafu ndipo akapiga ukelele ulionitoa mimi roho:

"Uwii! Nasri kafa! Mtoto wa watu kanifia uani kwangu!"

Nikakurupuka. Taulo likaanguka, nimesimama nimejizonga shuka, nusu ya kichwa kipara na nusu msitu, na pale dirishani Bi Zuwena kanitazama, akafungua mdomo, akatoweka. Kaanguka.

Hapo, jamani, sikuona tena watu. Nilikimbia mpaka mlangoni kwake, nikashika kitasa, halafu nikakiachia. Nimetoka katikati ya kundi, kinyozi kaniwekea uso wake karibu na wangu, watu nisiowajua wamepumua juu yangu nikiwa nimelala. Nikiingia namuua, nisipoingia pengine kishakufa. Nikagonga mlango kwa ngumi nikawa namwita kama mtoto. Mpaka nikasikia kwa mbali:

"Nani?"

"Mimi, bibi. Nasri. Mzima."

"Mzima vipi?"

"Nilikuwa nanyolewa."

Nasikia pumzi yake nyuma ya mlango. Halafu akasema, "Nimeketi chini. Sijavunjika. Ondoka mlangoni kwangu."

Nikageuka, na wale mahayawani, badala ya kutawanyika, wanacheka. Mmoja kanyanyua simu ananipiga picha. Ghadhabu iliyonishika nikaokota kiti nikakirusha, sikumlenga mtu, niliilenga dunia, nikawaambia tokeni, tokeni mbele ya macho yangu, lakini mtu aliyevaa shuka na nusu kichwa akikutukana humwogopi, wakazidi kucheka. Na hapo ndipo gari ya doria ikasimama getini, kwa sababu mtaa mzima umesikia ukelele.

Askari aliyeshuka ni mtu wa makamo, akatoa pole kwa Kiarabu, akasema Mungu amrehemu, lakini mkusanyiko hata wa msiba haujuzu siku hizi. Kijana mmoja akaropoka kwa Kiswahili, "Maiti mwenyewe huyo!" Kumbe askari Kiswahili anakijua (baadaye alisema mama yake kazaliwa Bujumbura). Akabadilisha lugha hapo hapo.

"Marehemu ni nani hapa?"

Wote wamenigeukia.

"Mimi," nikasema.

Akanitazama kuanzia kichwani, akashuka na shuka, akapanda tena.

"Na msimamizi wa nyumba?"

"Mimi pia."

Nakwambieni, ardhi ingepasuka ningeshukuru. Aliwaamuru watawanyike, wakatawanyika kama kuku, kinyozi na mashine yake kaondoka nao na nusu ya kichwa changu haijaguswa, na mimi nikabaki nasemwa pale getini, majirani juu ya mapaa wanasikiliza, neno kwa neno, vipi mtu msomi mwenye mgonjwa ndani ya nyumba anafungua duka la kinyozi uani. Haitham? Alikuwa jikoni! Kajificha jikoni anajifanya anaosha vyombo.

Nikakimbilia simu nimpigie mama. Haipokelewi. Napiga, haipokelewi. Nikafungua gurupu la ukoo, nikaiona picha yangu, ile niliyopiga Idi na kilemba cha buluu, na chini yake Inna lillahi, chini yake Inna lillahi, watu wananisifu kwa tabia ambazo sinazo. Nikaandika "Mimi mzima." Binamu yangu mmoja akajibu, "Tafadhali anayeshika simu ya marehemu aiheshimu." Mpaka profesa wangu habari zikamfika, akaiandikia familia yangu barua ya rambirambi, na kuwaarifu kwamba jina langu limeondolewa kwenye ratiba ya kesho. Nilikaa chini nikacheka kidogo, kicheko kibaya, halafu nikalia.

Magharibi gari ya khalu yangu, kaka yake mama, ikafika getini. Mama akashuka. Alikuwa hajavaa viatu, nadhani aliondoka nyumbani hivyo hivyo. Mimi nimesimama ndani ya geti, akanitazama, akaketi chini pale pale barabarani na abaya lake. Nikafungua geti nimwendee, akanyanyua mkono.

"Simama hapo hapo. Umekaa na watu."

"Mama..."

"Nimekuja kukuzika," akasema, "sasa kukushika siwezi."

Hakupiga kelele, hakunitukana. Angenitukana ningepata nafuu. Tulitazamana hivyo, kuna hatua chache tu baina yetu, mpaka khalu akamwinua akamrudisha garini. Baadaye khalu alinambia kwamba wakati wa kurudi, pale kwenye kizuizi cha kuingilia mkoa, askari wa pale aliyewapisha kwa huruma walipokuja mazikoni akawauliza kwa adabu kama wameshazika, na mama akamjibu, "Bado. Tumempa muhula amalize masomo."

Na haya hayakuisha, kwa sababu siku chache baadaye mmoja katika wale waliokuja kunyolewa akagundulika anao ugonjwa, ikabidi nyumba nzima tufungiwe, mimi na Haitham chini ya paa moja, kila asubuhi ananichungulia mlangoni na chai mkononi, "Yakhe, bado umekasirika?" Bado. Nilinyoa ule upande uliobaki kwa wembe wa ndevu, nikajikata, nikautetea mradi wangu wiki nyingine mbele ya maprofesa walioanza kwa kunipongeza kwa kufufuka. Bi Zuwena hakuugua, namshukuru Mungu kila siku kwa hilo, lakini dirisha lake aliliziba pazia mpaka tulipohama. Siku ya kuhama nilikwenda kuaga, akanambia nyuma ya pazia, "Nimezika watu wengi, Nasri. Wewe ulinizikisha bure."

Basi mimi usimamizi nimeacha. Juzi wapangaji wa jengo ninalokaa sasa wamekuja na heshima zao zote, eti wewe mtu wa maana, tunataka uwe mkuu wetu. Nikawakaribisha kahawa, wakanywa, nikawapa nambari ya Haitham.