Ramani ya Majivu na Buni

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchora ramani nzuri. Nilijifunza kazi hiyo peke yangu, kwa rula na kitabu chakavu, na niliogopa mstari uliopinda kuliko nilivyoogopa uongo.

Ilikuwa miaka ile ya UKIMWI, karibu kila kibanja, shamba la nyumbani, kina kaburi bichi katikati ya migomba. Nilitumwa na shirika la kusaidia yatima kijiji kimoja cha Kashozi kuonyesha yatima wanaishi wapi na wanategemea shamba lipi. Niliwauliza wanaume, kwa kuwa ndio waliokuja kikaoni, kisha nikarudi mjini kuchora chumbani kwangu Kibeta.

Juma lililofuata shemeji wa mjane mmoja alipeleka nakala ya ramani yangu kwa mwenyekiti wa kijiji. Humo kibanja cha mjane kilikuwa na jina lake yeye shemeji. "Hata mtaalamu ameandika," alisema. Mjane alikuwa na watoto wanne na hakuwa na pengine pa kwenda.

Siku mbili nzima nilitafuta namna ya kulaumu wino. Ya tatu nikaenda kwa mjane, nikakiri. Alinipa kahawa ya kutafuna kama mgeni yeyote, akanisikiliza.

"Mwanangu, umechora vizuri kitu usichokijua. Waite wanawake. Na rula uiache."

Jumapili baada ya misa watu walijaa uwanjani. Wanawake walimwaga majivu yakawa njia na mipaka, buni zikawa nyumba. Mimi niliikalia mikono yangu, maana kila mstari ulipopinda ilitaka kuunyoosha. Walipofika kwenye kibanja kile, shemeji alisogeza majivu kwa kidole cha mguu.

Bibi jirani akacheka. "Baba yenu alipopanda miti ya mpaka pale, siku aliyomgawia ndugu yako marehemu kibanja hiki, nilikuwepo. Na wewe ndiye uliyemchimbia mashimo."

"Nilikuwa mdogo, bibi."

"Ulikuwa na ndevu."

Uwanja mzima ulicheka, hata watu wa ukoo wake. Shemeji akainama, akayarudisha majivu kwa mkono wake mwenyewe. Vigelegele vilisikika mpaka barabarani. Mwenyekiti alinirudishia karatasi yangu. "Geuza nyuma, uchore hii iliyo chini."

Nikaichora, pamoja na kila kona iliyopinda.

Mjane bado analima pale. Mimi sijachora tena ramani ya watu kabla wao wenyewe hawajaichora.