Uzi Wenye Historia Ndefu

Mvua ya Jumanne ilinibanza dukani hapa Tukuyu mjini, ambako mama mmoja kutoka Ikuti alikuwa akichagua uzi wa kumfumia mjukuu wake sweta. Muuzaji alimsomea lebo kwa sauti ya mhubiri: kiwanda kilianzishwa na babu, kikarithiwa na wanawe, na hadi leo kinasokota sufu ya kondoo wao wenyewe.

"Kondoo wa wapi?" mama akauliza, jicho moja amelifumba.

"Wa kiwandani, mama. Sufu tupu."

Mama alikata kipande cha uzi kwa meno, akaomba kiberiti, akakichoma palepale kaunta. Badala ya kunuka kama nywele zinazoungua, kiliyeyuka kikawa kishanga cheusi, kama ndoo ya plastiki motoni. Muuzaji akatazama dari. Mimi nikasubiri ugomvi.

"Nifungie mabonge manne," mama akasema.

"Lakini mama, si umeona ni plastiki?" nikaropoka.

Akanitazama kama niliyetumwa na kiwanda. "Wasiwasi wangu ulikuwa labda anasema kweli. Mtoto anakojoa kutwa, na jua la hapa kwetu unaliona lini, baba? Sufu ya kondoo ikilowa haikauki. Hii nikiikamua jioni, asubuhi anavaa."

Nami nimeanza kuwashuku wauzaji wanaosema kweli. Sweta langu la sufu halisi, nililolinunua kwa kuiamini lebo, lina wiki ya pili kwenye kamba, na bado linadondosha maji.